DRONI YETU: NAMNA YA KUITUNZA, NA LA KUFANYA INAPOGOMA

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita mliniuliza, na baadhi yenu kwa ukali ambao mlikuwa na haki nao, imekuwaje chombo kilichonunuliwa kwa michango ya wanachama kikalala siku mbili juu ya mkarafuu, nacho hakijatimiza hata mwezi mikononi mwetu. Niliahidi kuleta jawabu kwa maandishi. Nalileta leo, wala sitausingizia upepo wala mtengenezaji. Siku ile rimoti ilikuwa mikononi mwangu mimi Katibu wenu, na kosa lilikuwa langu.

Lakini mtu kukiri kosa lake, peke yake, hakumfai sana msomaji. Kwa hivyo nimeligeuza jambo hili kuwa somo, khasa kwa ajili ya vijana sita mliowachagua wajifunze kuirusha, na pia kwa kila mwanachama ambaye siku moja droni itafika shambani kwake, naye atataka kujua kama huyo anayeirusha anajua alifanyalo.

Tukumbushane kwanza kwa nini tuliinunua. Mkarafuu unapoanza kudhoofu, mara nyingi dalili huwa juu, katika matawi ya kileleni yanayopukutisha majani, na sisi tulio chini hatuoni ila kivuli. Picha iliyopigwa kutoka juu huonyesha mti uliokauka, mti uliodhoofu, na pengo lisilopandwa, vyote kwa mara moja. Haikwambii ugonjwa ni upi, kwani hiyo ni kazi ya bwana shamba na ya jicho lako mwenyewe. Inakwambia uende ukatazame wapi. Wala jambo hili si geni visiwani mwetu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walianza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani ili kuchora ramani mpya. Mwaka 2019 huko Cheju, Unguja, droni zilitumika kunyunyizia mabonde ya mpunga dawa ya kuwamaliza viluwiluwi vya mbu. Basi tusiambiwe kwamba tumenunua kitu cha kuchezea watalii.

KISA CHENYEWE

Tulisimama bondeni penye mpunga, nasi tulitaka kuiona mikarafuu iliyo juu ya kilima. Mwenye kuijua Pemba anajua kwamba nchi yetu ni vilima na mabonde; huendi hatua mia bila ya kupanda au kushuka. Droni ina amri moja nzuri sana: ikipoteza mawasiliano na rimoti, hupanda mpaka kimo ulichoiwekea, halafu hurudi yenyewe pale ilipoondokea. Kimo hicho nilikikuta kimewekwa mita 30. Nikaona chatosha, kwani mkarafuu mrefu katika shamba lile haukuzidi mita 15.

Nililolisahau ni kwamba zile mita 30 huhesabiwa kutoka pale uliposimama wewe ukairusha, si kutoka chini ya mti itakaoupitia. Kilima kilipanda kiasi cha mita 20 juu ya bonde. Ongeza mkarafuu wa mita 15, utapata 35. Droni ikavuka upande wa pili wa kilima, udongo na miti ikaingia baina yake na rimoti, mawasiliano yakakatika, nayo ikaitii amri yangu kwa uaminifu mkubwa: ikarudi kwa kimo cha mita 30, ikajitia katikati ya matawi.

Msidhani kwamba ingeuona mti ikauepuka. Droni yetu ni ya bei ya chini, haina macho ya kutazama vizuizi vya mbele. Na hata zile zenye macho hayo hazivioni vizuri vijitawi vyembamba wala nyaya za umeme.

Hayo ni makosa ya hesabu, na hesabu hurekebishwa. Lililoninyima usingizi ni lililofuata. Kijana mmoja, mchumaji hodari, alivua viatu akaanza kuuparamia mti kabla sijamaliza kusema neno. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, gome limelowa. Na tawi la mkarafuu, mnalijua, halipindi kwanza likakuonya, hukatika tu. Alipofika kiasi cha mita nane tawi likamkatikia mguuni, akabaki ananing'inia kwa mikono miwili. Sote tulinyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa chini akamwambia kwa sauti ya upole, "Shuka, mwanangu. Hicho kinanunuliwa, wewe hununuliwi." Akashuka, alhamdulillah, mzima.

Kila msimu wa karafuu tunasikia ya walioanguka, wengine wamevunjika, wengine wamekufa, nao walipanda kwa ajili ya riziki. Ingekuwaje kumpelekea mama yake khabari kwamba mwanawe kaanguka kwa kufuata kidude cha Katibu? Kwa hivyo nimeandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari la droni, kwa wino mwekundu: ikikwama juu ya mti, hapana ruhusa mtu yeyote kupanda siku ya mvua, wala kupanda bila ya kamba na ngazi, wala kupanda kwa haraka. Izimwe kwa rimoti mota zisiendelee kujaribu kuzunguka, mti utiwe alama, watu waende zao. Sisi tuliingoja siku mbili mpaka mti ulipokauka, tukaiteremsha kwa ngazi, kamba na ngoe. Maji moto walikuwa wamekwisha hamia, na wameanza kushona majani juu yake. Aliyeiteremsha aling'atwa vya kutosha msimu mzima, nami namwomba radhi tena hapa.

Hasara ilikuwa rafadha mbili tu.

KAZI YA ARDHINI

Mtu anayeanza kujifunza hudhani kwamba kazi ni kule kurusha. Kwa kadiri nilivyojionea mwenyewe, karibu kila kinachoharibika hewani kilikuwa kinaonekana ardhini, lau tungalitazama.

Anza na mahali pa kuondokea. Usiirushe kutoka mchangani wala kwenye majani marefu. Mchanga hurushwa na upepo wa rafadha ukaingia katika mota, na majani huzizuia zisizunguke. Tandika jamvi. Sisi hatuna shida ya majamvi. Chukua lililochakaa lisilofaa tena kuanikia karafuu, litie mawe manne pembeni lisipeperuke, basi umepata uwanja wa ndege.

Halafu tazama rafadha, yaani yale mapanga madogo manne yanayozunguka. Mbili huzunguka kama mshale wa saa na mbili kinyume chake, na zinazofanana hukaa mshazari. Zimetiwa alama, na mota nazo zina alama ya namna hiyo hiyo. Alama ikutane na alama. Ukizibadilisha mahali, droni haitapanda bali itapinduka pale pale juu ya jamvi, nawe utadhani imerogwa. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa kila moja. Ukikwaruza penye ufa au pengo, itoe na ubadilishe, wala usiigande kwa gundi. Ni kitu cha bei ndogo, na kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika; kikivunjika hewani hakuna cha kukusaidia. Iliyovunjika ibadilishwe pamoja na mwenzake wa mota ile, maana mzito na mwepesi hawabebi mzigo sawa.

Izungushe kila mota kwa kidole kabla hujaiwasha. Yataka izunguke laini. Ukisikia kukereza, kuna mchanga ndani. Pulizia hewa kwa pampu ndogo ya mkono, na mafuta usitie, kwani mafuta hushika vumbi likawa kama tope.

Ama dira, hiyo ndiyo inayowashangaza wengi. Ndani ya droni mna dira kama ya nahodha, nayo hudanganywa na chuma. Ukiiwasha juu ya boneti la gari, au karibu na pikipiki, au juu ya sakafu ya zege yenye nondo ndani, au kando ya nyumba ya mabati, dira itasoma vibaya. Ikiruka, badala ya kutulia mahali pamoja itazunguka duara linalozidi kupanuka, kama maji yanavyozunguka yakitoka kwenye beseni. Ukiona hivyo usiiendeshe mbele. Iteremshe mara moja. Nenda mahali pa wazi, ondoa funguo na simu ya pili mfukoni, kisha isawazishe dira kama programu inavyokuonyesha kwenye kioo cha simu. Si lazima kuisawazisha kila siku. Isawazishe programu ikikutaka, au ukitoka kisiwa hiki kwenda kingine, au baada ya kuanguka.

Na usiwe na haraka ya kupanda. Droni hujua ilipo kwa kupokea ishara za satelaiti zilizo angani. Ili kukadiria mahali pake na kimo chake inahitaji nne kwa uchache, lakini nne ni za dhiki. Mimi sirushi mpaka nione kumi au zaidi, na mpaka programu iseme kwamba imekwisha kushika mahali pa kurudi. Siku moja kijana wetu hakungoja. Droni ilipotaka kurudi, ikakumbuka mahali pa jana, shamba jingine kabisa! Bahati nzuri alikuwa na akili ya kubonyeza kitufe cha kuisimamisha.

Jambo la mwisho la ardhini ni lile lililonitia mimi aibu. Kabla ya kuruka tazama kilima kilicho kirefu kuliko vyote katika njia yake, ukadirie urefu wake kutoka miguuni mwako, ongeza mti mrefu ulio juu yake, kisha ongeza mita 15 za usalama. Hicho ndicho kimo cha kurudi. Wala usihesabu mikarafuu peke yake; mnazi mkubwa hufika mita 25 na kupita, nao hupenda kusimama peke yake mahali usipoutazamia. Afadhali zaidi, panda wewe mwenyewe juu ya kilima na droni mkononi, uirushie kule.

BETRI

Hapa nawaomba msome polepole.

Betri ya droni ni ya lithiamu. Ni nyepesi, ina nguvu nyingi, na ikikasirika huwaka moto mkali unaotoa moshi wenye sumu. Mwezi uliopita niliikuta mojawapo ya betri zetu imechomekwa kwenye chaja ndani ya ghala, imewekwa juu ya gunia la karafuu kavu, na hapana mtu karibu. Bibi mmoja wa Kamati alikuwa pamoja nami. Akaniuliza, "Katibu, hicho chaweza kuwaka?" Nikamwambia chaweza. Akasema, "Basi kinafanya nini hapa?" Sikuwa na jawabu. Karafuu ina mafuta, na makonyo hushika moto upesi. Katika ghala lile mlikuwa na jasho la watu wengi.

Tangu siku ile betri huchajiwa katika baraza ya ofisi, juu ya sakafu ya saruji, ndani ya karai, na ndoo ya mchanga kando, na mtu amekaa hapo. Zikijaa huchomolewa. Umeme ukikatika, chomoa chaja, kwa sababu unaporejea huweza kuja kwa nguvu ikaunguza. Na betri iliyotoka kuruka ni ya moto. Ingoje mpaka ipoe ndipo uichaji. Kwa mkono wako tu utajua: ukiishika na bado unahisi joto, ngoja.

Ndani ya betri mna seli kadhaa, kulingana na ukubwa wa droni. Kwa betri nyingi za aina hii seli moja ikijaa huwa na volti 4.2, na ikishuka chini ya 3 huharibika isirudi hali yake. Programu huonyesha kila seli mbali mbali, lakini ni wachache wanaofungua ukurasa huo. Fungueni. Seli moja ikiwa kila mara nyuma ya wenzake kwa 0.1 ya volti au zaidi, betri hiyo inazeeka, na siku moja itazima ghafla hali kioo kinasema bado asilimia 30.

Usiiweke imejaa kwa siku nyingi, wala usiiweke tupu. Kama hutaruka kwa wiki nzima, iache ikiwa baina ya asilimia 50 na 60, mahali penye kivuli na pakavu. Tulikuwa na tabia ya kuzichaji zote Jumapili "zikae tayari", kisha mvua ikanyesha wiki mbili. Ndivyo tulivyoivimbisha betri namba 2.

Iliyovimba haitumiki tena hata kama bado inawaka. Hutoboi, hubonyezi irudi, huitii mfukoni, huitupi jaani wanakocheza watoto. Itieni katika ndoo ya mchanga nje ya nyumba, mniletee khabari. Na ikianza kutoa moshi, ondokeni upande unaokoelekea upepo, watu wakae mbali. Kama yaweza kufunikwa kwa mchanga bila ya kuikaribia sana, ifunikeni, na vilivyo karibu vimwagieni maji mengi visishike moto.

Hewani kanuni yetu ni hii: ikifika asilimia 30, droni iwe imeshika njia ya kurudi. Si kwamba ndipo ianze kufikiriwa. Kitabu cha mtengenezaji chasema betri hukaa dakika nyingi, lakini amepima mahali pasipo na upepo. Wakati wa kusi mimi huhesabu thuluthi mbili tu za dakika zile.

Na kwa kuwa tumeutaja upepo: kila mwenye kujua kwenda na ngarawa ataelewa hili kabla ya vijana wa skuli. Anza safari kwa kwenda kinyume cha upepo, ili urudi nao wakati betri imechoka. Mgeni hufanya kinyume. Huona droni inakwenda mbio kama mshale, akafurahi, hata akiigeuza huiona imesimama pale pale inapigana na upepo huku asilimia zinashuka. Yakikufika hayo, ishushe chini kidogo, ambako upepo huwa mpungufu, ila usisahau miti. Asubuhi mapema, kabla upepo haujashika, ndiyo saa bora ya kazi hii, na jua nalo halijawa kali la kuizuia simu isisomeke.

INAPOGOMA

Haya ni matatizo tuliyoyapata wenyewe, au waliyotueleza wenzetu wa Unguja.

Mota hazitaki kuwaka. Usikimbilie kusema imekufa. Soma maandishi kwenye simu, kwani mara nyingi sababu imeandikwa pale: dira haijasawazishwa, betri haijaingia mpaka ikalia, au programu ya droni na ya rimoti haziendi pamoja kwa sababu moja imesasishwa na ya pili haikusasishwa. Hilo la tatu litatuliwe ofisini penye intaneti siku moja kabla ya kazi. Kulianza shambani ni kupoteza asubuhi nzima.

Picha kwenye simu inakatikakatika. Tazama kwanza unavyoishika rimoti. Vile viantena viwili havielekezwi kwa ncha kama bunduki. Nguvu zao hutoka ubavuni, kwa hivyo ubapa wake ndio uitazame droni. Halafu jiulize kama wewe mwenyewe unaiona kwa macho. Ikiwa mti umekuzuia kuiona, mti huo huo unaizuia rimoti. Sogea. Waya wa kuunganisha simu nao huchakaa, na unaoweza kuchaji simu si lazima uweze kupitisha picha. Sisi tulihangaika siku mbili, kumbe ni waya wa shilingi chache.

Picha zina mawimbi, kama zimepigwa chini ya maji. Hiyo ni mitetemo. Rafadha ina pengo, au skrubu ya mkono mmoja imelegea, au zile mpira ndogo zinazoishikilia kamera zimekatika. Aghalabu ni rafadha.

Inajiteremsha yenyewe. Ama betri imefika mwisho, na hapo usishindane nayo bali uielekeze tu mahali pa wazi. Ama iko juu ya maji. Chini ya tumbo ina kijicho kinachotazama ardhi ili isimame imara, na maji yanayometameta hukidanganya. Juu ya bahari au ya bonde lililojaa maji usiishushe chini ya mita tano.

Kunguru. Hawa walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 hawakosi kujiingiza katika kila jambo. Wakiizunguka, usiwakimbie kwa kwenda mbele. Ipandishe juu moja kwa moja, kisha uirudishe. Ukiwa na bahati mbaya ya kuwakuta karibu na kiota, ahirisha mpaka siku nyingine.

Na wewe mwenyewe ukigoma, yaani ukipotewa na akili usijue mbele ni wapi, achia vijiti vyote viwili. Kama satelaiti zipo, itasimama hewani ikikungoja. Kosa la mwanafunzi ni kuvuta huku na huku. Droni ikikuelekea wewe, kushoto kwake ni kulia kwako, na mkono hauijui hesabu hiyo mpaka ufundishwe. Chuoni mwalimu wetu hakutupa aya mpya mpaka ya jana tumeishika, na huku nako nataka iwe hivyo: kwanza uisimamishe mita tatu juu ya jamvi bila ya kuyumba, halafu uiendeshe mraba ikiwa imekupa mgongo, halafu mraba ule ule ikiwa imekuelekea. Asiyeweza la tatu haendi kilimani, hata akiwa mtoto wa Mwenyekiti.

Ikianguka majini, hasa ya chumvi, toa betri kwanza ikiwa haijavimba wala haitoi joto, uiweke mbali. Usiiwashe kuona kama ni nzima; kule kuiwasha ndiko kunakoiua. Ioshe kwa maji safi yasiyo na chumvi, ikauke siku kadhaa, apewe fundi. Betri yenyewe iliyoingia maji ya bahari haitumiki tena.

BAADA YA KAZI

Hewa yetu ina chumvi hata pale usipoiona bahari. Kila jioni ifutwe kwa kitambaa kilichonyeweshwa kidogo kwa maji safi, kisha kwa kikavu. Kioo cha kamera kifutwe kwa kitambaa laini cha miwani, si kwa ncha ya kanzu. Katika sanduku lake tutie vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyotoka katika viatu vipya. Mwenye navyo nyumbani aniletee badala ya kuvitupa. Kadi ya picha itolewe na picha zihamishwe siku hiyo hiyo, na jina la shamba liandikwe, maana mikarafuu yote kutoka juu hufanana.

Kuhusu ruhusa sitasema mengi. Droni hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na nakala ya kibali chetu imo katika kifuniko cha sanduku. Ifuatane nalo popote. Karibu na uwanja wa ndege wa Chake Chake haturuki kabisa. Na shamba la mtu halipigwi picha kabla mwenyewe hajaambiwa. Ua wa mtu ni siri yake, na picha ya juu haina mlango wa kubisha hodi. Zikitokea picha za nyua za watu zifutwe mbele ya mwenyewe.

Daftari la droni lipo ofisini. Kila anayeichukua ataandika tarehe, shamba, namba ya betri, dakika ilizoruka, asilimia iliyorudi nayo, na kama kuna alilolisikia au kuliona si la kawaida, hata liwe dogo. Mimi nimekwisha kuandika la kwangu, pamoja na ile hesabu ya 20 na 15.

Betri namba 2 imetolewa kazini, na namba 3 inatazamwa. Rafadha za akiba zimebaki jozi tatu. Vijana sita mje Alhamisi baada ya alasiri kwenye uwanja wa mpira, kila mmoja na kofia, na mmoja wenu alete jamvi.

Katibu